Kahawa yako mwenyewe kwenye mashine ya kapsuli: kasoro na vyanzo vyake

Mashine za kikombe kimoja kama Keurig zilibuniwa kwa ajili ya mtu asiyetaka kugusa kahawa. Kiwanda kimeshapima, kimeshasaga, kimeshaziba. Yeye anatumbukiza kapsuli, kile kikopo kidogo chenye kahawa ndani, na kubonyeza kitufe. Siku unapoamua kutumia kahawa yako, iwe ya Moshi au Mbinga uliyoletewa na mgeni, iwe pakiti ya dukani tu, kazi hizo tatu za kiwandani zinahamia kwako. Mashine haina habari. Itapitisha maji yale yale, kwa joto lile lile, kwa muda ule ule. Ndiyo maana kasoro nyingi zinatokana na kahawa iliyowekwa, na ndiyo maana watu hutupa mashine ambazo hazina ubaya wowote.

Hapa nazungumzia zaidi Keurig, maana ndiyo iliyojaa majikoni na maofisini Marekani na Kanada, pamoja na chujio lake la kujaza mwenyewe linalouzwa kwa jina la My K-Cup na mengine yanayofanana nalo. Nespresso ina tabia zake, nimeiweka mwishoni.

Anza na maji matupu

Kabla hujabadilisha chochote, toa chujio, funga kifuniko cha mashine, weka kikombe na upitishe maji peke yake. Kisha pima kilichotoka. Kitufe cha aunsi 6 kinatakiwa kutoa mililita 177 hivi, cha aunsi 8 mililita 237, cha 10 mililita 296, na cha 12 mililita 355. Jagi la jikoni lenye alama linatosha kwa kazi hii.

Maji yakitoka kamili na kwa mkondo wa kawaida, mashine ni nzima: shida imo ndani ya chujio. Yakitoka nusu, au yakitoka kwa kukatakata na kukohoa, basi kahawa haina kesi ya kujibu. Ruka moja kwa moja hadi sehemu ya chokaa na sindano. Kipimo hiki hakichukui hata dakika mbili, na kinaokoa jioni nzima ya kukisia.

Kahawa inatoka nyepesi, ina rangi lakini haina ladha

Hili ndilo lalamiko la kwanza la kila mtu, na jibu lake ni hesabu. Kipimo kinachofuatwa sana na watu wa kahawa ni gramu 55 kwa lita moja ya maji, na wapenda kahawa nzito hufika 60 na kidogo. Chujio la kujaza mwenyewe hubeba gramu 10 hadi 12 hivi. Tuseme umeweka 11. Ukibonyeza aunsi 6, una gramu 62 kwa lita: kahawa ya maana. Ukibonyeza aunsi 8, unashuka hadi 46. Ukibonyeza 12, kwa sababu kikombe chako ni kile kikubwa cha kazini, una gramu 31 kwa lita, yaani karibu nusu ya inayohitajika. Hakuna aina ya kahawa duniani, hata iwe ghali vipi, itakayokuokoa hapo.

Watu wengi hujaribu kuongeza kahawa ndani ya chujio. Nafasi haipo, na ukishindilia unaleta balaa jingine nitakalolieleza chini. Kama unataka kikombe kikubwa, pitisha aunsi 6 mara mbili, na kila mara uweke kahawa mpya. Kubonyeza mara ya pili juu ya machicha yale yale kunaleta maji machungu ya kahawia, na ndiyo kosa linalofanya watu waamini kwamba chujio hizi hazifai.

Mashine yako ikiwa na kitufe cha kahawa nzito, kile kilichoandikwa *Strong*, kitumie. Hakiongezi kahawa, kinapunguza kasi ya maji ili yakae na kahawa muda mrefu zaidi. Kinasaidia, ila hakifuti hesabu ya hapo juu.

Kipimo kikiwa sawa na kahawa bado nyepesi, tazama usagaji. Kwenye Keurig maji hupita kwa muda usiofika dakika moja. Mashine ya kudondosha ya kawaida, ile yenye birika la kioo, huchukua dakika kadhaa. Kahawa ya chenga kubwa inahitaji muda ambao Keurig haina wa kuipa, kwa hiyo maji yanapita yameichovya tu. Unachotafuta ni chembe za kati: ukizisugua kati ya vidole uzisikie, zikaribie sukari ya mezani au ziwe ndogo kidogo kuliko hiyo.

Chanzo cha tatu hujulikana kwa kufungua chujio baada ya kutengeneza na kutazama machicha. Ukikuta shimo katikati, au upande mmoja umelowa na mwingine bado una unga mkavu, maji yamejichimbia njia yake na kuiacha kahawa nyingine. Siku nyingine gonga chujio taratibu mezani ili kahawa ilale sawasawa. Usishindilie.

Mashapo chini ya kikombe

Mashapo kidogo ni kawaida kwa chujio la wavu wa chuma. Yakiwa mengi kiasi cha kusikika mdomoni, kahawa yako ina vumbi.

Hapa ndipo kahawa ya kuletewa kutoka nyumbani inapoleta mgogoro. Pakiti nyingi za kahawa ya kusaga huko kwetu zimesagwa kwa mtu atakayechemsha kwenye sufuria au dele, akaiacha itulie, akamimina taratibu. Kwa kazi hiyo unga laini ni sahihi kabisa. Kwenye wavu wa Keurig, unga huo unapenya kama hakuna kitu, na usiopenya unaziba matundu. Kama kuna ndugu anasafiri kuja, mwombe alete buni iliyokaangwa bila kusagwa, kisha usage mwenyewe huku. Haichakai upesi, na unaisaga unavyotaka.

Mashine ndogo ya kusagia yenye visu viwili, ile ya bei nafuu, huleta tatizo lake: inatoa vumbi na chenga kwa pamoja. Dawa yake ni chujio la chai. Pepeta kahawa iliyosagwa juu ya sahani, vumbi lianguke, kilichobaki ndicho kinachoingia kwenye mashine. Vumbi usilitupe; lichemshe kwenye sufuria Jumapili, maana hiyo ndiyo kazi yake. Mashine ya kusagia ya meno, inayoponda badala ya kukata, inapunguza sana shida hii, na kwa maoni yangu fedha ya kununua chujio la tatu na la nne ingetumika vizuri zaidi hapo.

Zipo pia karatasi ndogo za kuchujia zilizokatwa kwa umbo la chujio hizi. Zinazuia mashapo, na zina faida nyingine ambayo mwenye lehemu nyingi kwenye damu angependa kuijua: karatasi inashika sehemu kubwa ya mafuta ya kahawa yenye kafestoli, ambayo hupandisha lehemu mbaya. Wavu wa chuma unayapitisha.

Kama mashapo yamekuja ghafla na kahawa ni ile ile uliyoizoea, kagua kifuniko cha chujio. Punje chache zikikaa ukingoni, kifuniko hakifungi vizuri na kahawa inaponyokea hapo.

Inadondoka polepole, au inasimama kikombe hakijajaa

Umeshapima maji matupu? Kama yalitoka kamili, kuziba kumo ndani ya chujio: kahawa laini mno, au nyingi mno, au vyote viwili. Kahawa ikilowa huvimba, na kama imetoka kwenye kikaango karibuni inatoa pia hewa ya kaboni dayoksaidi inayosukuma kuelekea juu. Acha nafasi ya milimita chache chini ya ukingo. Mstari uliochorwa ndani ya chujio si pambo.

Tazama pia kama chujio lenyewe ni safi. Lishike juu dhidi ya taa. Matundu yasiyopitisha mwanga yamezibwa na mafuta yaliyokauka. Loweka usiku kucha kwenye maji moto yenye sabuni, kisha sugua kwa mswaki wa zamani.

Kahawa ya tangawizi inastahili aya yake. Wengi wetu huchanganya unga wa tangawizi kwenye kahawa kabisa, na walio Ghuba huongeza iliki. Tangawizi ina wanga, na wanga ukikutana na maji ya moto hugeuka uji. Kijiko kidogo tu kinatosha kufunga wavu mzima. Iliki iliyosagwa laini haina ubaya huo sana, lakini nayo huongeza vumbi. Weka viungo kwenye kikombe, kahawa idondokee juu yake, au chemsha tangawizi pembeni. Na niseme wazi: kahawa chungu ya barazani, ile inayoivia kwenye dele juu ya mkaa, mashine hii haiwezi kuitoa. Ile imechemka kwa muda mrefu. Hii imepitiwa na maji kwa sekunde. Ukiitaka ile, washa jiko.

Kahawa ya kuyeyuka, kama Africafe, isiingie kabisa kwenye chujio. Iweke kwenye kikombe na utumie mashine kutoa maji ya moto tu.

Hata maji matupu hayatoki vizuri: chokaa na sindano

Sasa lawama ni ya mashine. Vyanzo ni viwili.

Chokaa kwanza. Maji magumu huacha ukoko mweupe wa madini kwenye mabomba ya ndani na kwenye kipashajoto, ule ule unaouona kwenye birika. Mkazi wa San Antonio, ambako maji hutoka kwenye mwamba wa chokaa, atapambana nao mara nyingi kuliko mkazi wa Seattle, ambako maji ni laini. Kwa matumizi ya kila siku, safisha kila baada ya miezi 3 hadi 6, na mapema zaidi ukiona kikombe kimepungua. Jaza tangi kwa dawa ya kuondoa chokaa, au kwa siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, pitisha vikombe kadhaa bila chujio, uache nusu saa, malizia, kisha suuza kwa maji safi mpaka harufu ya siki iishe kabisa. Kikombe kimoja cha maji safi hakitoshi; utakunywa achari.

Pili ni sindano. Keurig ya kawaida ina sindano juu inayotoboa kifuniko cha kapsuli na kuingiza maji, na nyingine chini, ndani ya kishikio, inayotoboa kitako na kutoa kahawa. Unga unaingia kwenye matundu yake. Zima mashine, chomoa waya kwenye soketi, subiri ipoe. Nyoosha waya wa kubania karatasi na uuingize kwenye matundu ya sindano ya juu, ukizungusha taratibu. Sindano ya chini unaifikia kwa kuchomoa kishikio chote na kukisafisha kwenye sinki. Ni kali kweli, hivyo usipapase kwa kidole. Ukimaliza, pitisha maji matupu mara mbili.

Ikiwa pampu inanguruma na hakuna tone, mara nyingi kuna hewa kwenye bomba, hasa baada ya tangi kukauka au mashine kuhamishwa. Toa tangi, lirudishe likae imara, na ujaribu tena.

Maji yanamwagika pembeni, chujio limelowa nje

Sababu iliyo maarufu kuliko zote ni kujaza mno: maji hayapiti katikati, yanapanda juu ya kahawa na kutafuta ukingo, kisha unapata kikombe chepesi na trei iliyojaa uchafu kwa mara moja. Punguza kahawa.

Ya pili ni kuchanganya vishikio. Kwenye baadhi ya mashine unatakiwa kutoa kishikio cha kapsuli, chenye sindano ya chini, ndipo uweke My K-Cup pamoja na kishikio chake. Kwenye nyingine chujio linakaa ndani ya kishikio kile kile. Ukilazimisha la aina moja kwenye nafasi ya nyingine, ama kifuniko hakishuki, ama sindano inatoboa kitako cha chujio. Matoleo mapya yenye sindano tano, yanayoitwa MultiStream, yanahitaji chujio lenye kifuniko kilichotengenezwa kwa ajili yake. Soma namba ya mashine kabla ya kununua. Neno "inafaa mashine zote" kwenye boksi la bei rahisi lipokee kwa tahadhari.

Ya tatu ni kipete cha mpira kinachozunguka sindano ya juu. Kikipasuka au kikikauka, maji yanavuja hapo kila wakati, uweke kapsuli au chujio.

Mashine inakataa chujio

Hii ina historia. Mwaka 2014 kampuni ilitoa Keurig 2.0 yenye kisomeo kilichotambua wino maalumu kwenye kifuniko cha kapsuli. Kapsuli isiyo na idhini ilikataliwa, na chujio la kujaza mwenyewe lilikuwa limeondolewa. Wateja walikasirika, wengine walikuwa wanakata kipande cha kifuniko halali na kukibandika chini ya kisomeo, na mashine ikakubali. Mwezi Mei 2015 mkurugenzi mkuu, Brian Kelley, alikiri kwamba walikosea, na My K-Cup ikarudi. Mwaka huo huo John Sylvan, aliyebuni mfumo huu pamoja na Peter Dragone kule Massachusetts, alisema hadharani kwamba wakati mwingine anajuta kuubuni, kwa sababu ya takataka za plastiki. Yeye mwenyewe hakuwa na mashine hiyo nyumbani.

Kwako leo maana yake ni hii: kama umenunua au umepewa mashine iliyotumika ya kizazi cha 2.0, chujio la zamani halitakubaliwa. Tafuta lililotengenezwa kwa 2.0.

Chungu sana, au chachu

Uchungu unaokwaruza koo husababishwa na usagaji laini mno, au chujio lenye mafuta ya wiki iliyopita, au kurudia machicha. Lakini jiulize kwanza umeweka kahawa gani. Robusta ya Kagera ina uchungu wake wa asili, na kafeini yake inakaribia mara mbili ya arabika. Huo si ugonjwa.

Uchachu nao una pande mbili. Kahawa ya Nyeri au Kirinyaga iliyokaangwa kidogo ina uchachu wa matunda, na watu hulipa fedha nyingi kuupata. Uchachu mbaya ni ule mwembamba, usio na utamu nyuma yake, unaoacha mdomo mtupu. Huo unatokana na maji kutovuta vya kutosha kutoka kwenye kahawa. Keurig hupasha maji hadi nyuzi 89 hivi za Selsiasi, chini ya 90 hadi 96 wanazopendekeza wataalamu, kwa hiyo kahawa iliyokaangwa kidogo inaonewa tangu mwanzo. Saga laini kidogo zaidi, na pitisha kikombe cha maji matupu kwanza ili mabomba na kikombe chenyewe vipate moto. Kwa mashine hii mimi ningechagua kahawa iliyokaangwa kati, si nyeusi ya kung'aa mafuta wala ile ya rangi ya mdalasini.

Na kama haina ladha yoyote, si chungu wala chachu, imechakaa tu. Kahawa iliyosagwa na kukaa miezi kwenye mfuko wa nailoni ndani ya kabati haifufuki. Itumie kusugulia sufuria.

Nespresso ni habari nyingine

Pampu ya Nespresso ya mfumo wa Original husukuma kwa nguvu inayofika bari 19, na kapsuli hubeba gramu 5 au 6 tu kwa espresso ya mililita 40. Hapa ushauri wa Keurig unageuka juu chini: kahawa lazima iwe laini, na inashindiliwa kidogo kwa kijiti cha kubonyezea. Ikitoka kwa kasi, nyeupe nyeupe na bila povu, saga laini zaidi au ongeza robo ya gramu. Pampu ikilia na kutoa matone, umezidisha. Zima kabla haijachoka. Mizani ndogo ya kupimia hadi sehemu ya kumi ya gramu ina thamani hapa kuliko kwingine kokote, maana nusu gramu kwenye gramu 5 ni asilimia 10.

Kapsuli za chuma za kujaza zina kipete cha mpira. Kikichakaa, maji yanapita pembeni na kuangukia kwenye sanduku la machicha, na kikombe kinabaki na vijiko vichache. Badilisha kipete, si mashine. Usiache kapsuli ya chuma ndani baada ya kumaliza, kwa sababu baadhi hukwama. Itoe ikiwa bado ina moto, kwa kitambaa. Chokaa ondoa kwa dawa yao, maana kampuni inakataza siki.

Vertuo, mfumo mwingine wa Nespresso, huizungusha kapsuli hadi mizunguko 7,000 kwa dakika, na husoma msimbo uliochapwa ukingoni ili ijue itoe maji kiasi gani. Kujaza mwenyewe kunawezekana kwa kutumia tena kapsuli halisi na kuifunika kwa karatasi mpya ya alumini, lakini kipimo cha maji kitabaki kile cha kapsuli ya mwanzo, upende usipende, na kifuniko kikikaa kombo kahawa inatapakaa ndani ya mashine. Mtu anayetaka kunywa kahawa yake mwenyewe kila siku, ningemwambia aiache Vertuo dukani na kutafuta Original iliyotumika.